Muulize Alikuwa na Nani

Utotoni tulikuwa na swali moja tu kwa mjomba wangu, na kila likizo tulimuuliza: "Mjomba, uliua wangapi?" Alikuwa ametoka vitani Uganda, na kwetu sisi watoto mtu wa vita alikuwa mtu wa hesabu hiyo. Hakutujibu hata siku moja. Aliinuka kwenye kigoda, akachukua jembe lake, akaenda shambani hata kama jua lilikuwa la utosi. Mama alitukaripia, lakini hakutueleza kosa letu lilikuwa lipi. Tulitawanyika tukinong'ona kwamba mjomba ana maringo. Mmoja wetu akasema labda hata hakupigana, labda alikuwa akipika tu.

Ndugu zangu, kosa lile nimelielewa ukubwani, na ndilo linalonifanya niandike leo. Kila mwaka, tarehe 25 Julai, taifa husimama kuwakumbuka mashujaa wake. Gwaride hupangwa, tarumbeta hulia. Kwa desturi yetu Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na mwakilishi wa wapiganaji wa zamani huweka shoka. Viongozi wa dini huomba dua na sala. Ni heshima kubwa, na inastahili. Shughuli ikiisha, wazee waliokuwa wamekaa na nishani vifuani hupanda daladala kurudi mitaani kwao. Huko wanakorudi, wangapi kati yetu tunajua walipita wapi? Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini.

Kwa vijana waliozaliwa baadaye, nieleze kwa ufupi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakaiteka ardhi yetu kaskazini mwa Mto Kagera. Yaliua raia, yakaswaga ng'ombe, yakalivunja daraja la Kyaka. Siku chache baadaye Mwalimu Nyerere aliwaambia wananchi kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Jeshi lilikuwa dogo kwa kazi ile, hivyo wakaitwa mgambo, vijana wa JKT, polisi na magereza. Malori ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba mizigo ya vita, na vijiji vilichanga ng'ombe na nafaka. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Sehemu kubwa ya safari ya kufika huko askari wetu waliikata kwa miguu, na Waganda waliwapokea wakiwaita "bakombozi". Waliporudi walikuta nchi imeambiwa ifunge mkanda kwa miezi 18, na mkanda ule haukulegea kwa miaka mingi. Wengi waliokuwa mgambo walivua magwanda, wakashika majembe. Sherehe ziliisha, na kila mtu akawa na shida zake, sabuni na sukari. Hakuna aliyekuwa na muda wa kumsikiliza mtu anayeota vita usiku.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wa mgambo hao. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikimsaidia mke wake kusafisha stoo. Kila kitu humo kilikuwa na vumbi la miaka, isipokuwa kibati kimoja cha jeshi, kile cha kulia chakula, kimebonyea ubavuni lakini kimesuguliwa kinang'aa. Nikatoka nacho uani. Bila kupanga maneno nikamuuliza, "Mjomba, hiki ulikuwa unakula na nani?"

Akakipokea kwa mikono miwili. "Tulikuwa wanne," akasema. "Tulikula kwa vibati viwili, tusimalize maji kwa kuoshea vyombo." Akayataja majina ya wenzake watatu, moja moja, na kila mmoja na kwao. Wa Singida hakuogopa kitu isipokuwa radi. Wa Mara alijua kutafuta njia kwa nyota. Wa Lindi alikuwa mwimbaji, na ndiye aliyebaki Lukaya, mwezi Machi 1979, pale walipopambana na majeshi ya Amin pamoja na yale ya Libya yaliyokuja kumsaidia. "Hiki si changu," mjomba akaniambia. "Ni chake."

Alizungumza hadi kuku wakaingia bandani. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi, hapepeti. Baadaye jikoni aliniambia kwa sauti ya chini kwamba jina la yule wa Lindi amekuwa akilisikia usiku, mumewe akiweweseka, kwa zaidi ya miaka thelathini. Hakuwahi kumuuliza. Kwa kuwa ni jina linaloitwa wanaume na wanawake, yeye alidhani ni la mwanamke.

Tafakarini jambo hilo. Ndoa nzima imekaa na kivuli cha mtu asiyekuwapo, kwa sababu hakuna aliyeuliza swali sahihi. Swali la "uliua wangapi" humfanya mtu kuwa bunduki. Humtaka alete mbele ya watoto kitu ambacho yeye mwenyewe amekesha miaka akijitahidi kukizika. Swali la "ulikuwa na nani" humrudishia wenzake. Askari wengi waliofika vitani walikuwa vijana, na kijana akiwa na njaa, baridi na hofu, kinachomfanya asikimbie ni mwenzake aliyelala pembeni yake. Ukitaka kujua alichotoa, anzia hapo.

Majina ni jambo zito kuliko tunavyodhani. Katikati ya Dar es Salaam, kwenye mzunguko wa Barabara ya Samora na Azikiwe, amesimama askari wa shaba, singe yake imeelekea bandarini. Sanamu hiyo ilizinduliwa 1927. Maandishi yake yanawakumbuka askari na pia wapagazi, wale waliokuwa miguu na mikono ya majeshi katika Vita Kuu ya Kwanza, na yanaahidi kwamba anayefia nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Kutoka hapo tembea hadi Kariakoo. Wangapi kati yetu tunaonunua kanga na viazi sokoni pale tunajua kwamba jina hilo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, lililolainishwa na ndimi zetu? Nairobi nako kuna Kariokor, kwa asili ile ile.

Wapagazi hao walichukuliwa vijijini kwa maelfu, wengi kwa nguvu, wakabeba risasi na unga vichwani kuyafuata majeshi hadi Rufiji na ng'ambo ya Ruvuma. Malaria, kuhara na njaa viliwamaliza kuliko risasi. Mwaka 2021 ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika utumishi wa vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Huenda idadi hiyo ikafika 350,000. Sanamu iliahidi jina, na jina halikuandikwa. Soko limebaki na jina la kikosi, na wenye kikosi wamebaki bila majina.

Ni rahisi kuwalaumu wakoloni kwa hilo, na lawama ni yao kweli. Lakini tujiulize na sisi. Ni ukoo upi wa Pwani au wa bara usiokuwa na babu aliyebebeshwa mzigo, au, katika Vita Kuu ya Pili, aliyekuwa Keya, yaani askari Mwafrika wa jeshi la Mwingereza, akapelekwa Burma 1944 kupigana msituni kwenye mvua za masika ya huko? Februari mwaka huo meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani katika Bahari ya Hindi. Walikufa watu zaidi ya 1,200, mamia yao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Wana wajukuu na vitukuu mahali fulani. Je, tunalijua jina la wetu?

Yuko atakayeniambia: dada, hao walipigana vita vya Mzungu, tuwaheshimu kwa lipi? Namjibu kwa upole. Kumheshimu mtu si kuisifu vita iliyomchukua. Mpagazi aliyekamatwa shambani hakuulizwa maoni yake kuhusu mfalme. Lakini njaa ilikuwa yake, kidonda cha bega kilikuwa chake, na mtoto aliyemwacha alikuwa wake. Hata vita tuliyoona ni ya haki, kama ile ya 1978, haikuwaacha waliopigana wakiwa wazima wote, na iliwaumiza pia raia wa pande zote mbili waliokuwa njiani mwa mizinga. Mpiganaji wa kweli huwa wa mwisho kuishangilia vita. Tukimsikiliza vizuri, tutajifunza kuitunza amani kuliko tunavyojifunza kwenye hotuba.

Sasa niseme tufanye nini, maana nasaha isiyo na kazi ni maneno ya kupitisha muda.

Kwanza, uliza kwa adabu na uulize kwa wakati. Msalimu mzee, keti chini karibu naye, zima simu. Muulize alikuwa na nani, walikula nini, nani aliwachekesha. Asipotaka kusema, usimsukume. Nyamaza naye, kisha kesho umwamkie tena. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, lakini anayeuliza vibaya humfunga mwenzake mdomo kwa miaka, kama tulivyomfunga mjomba.

Pili, andika. Tumezoea wasifu kusomwa makaburini, mwenyewe akiwa hasikii tena. Andika leo, yeye akiwa hapo wa kukurekebisha. Daftari la shule linatosha: jina lake, alikoitwa, mwaka, majina ya wenzake na kwao. Huenda kuna familia huko Lindi au Singida isiyojua kijana wao alikula na nani chakula chake cha mwisho. Majina aliyonitajia mjomba siyaweki hapa gazetini, kwa sababu ndugu zao ndio wanaopaswa kuyasikia kwanza. Tumeanza kuwatafuta.

Tatu, msaidie kwa mambo madogo yenye uzito. Siku ya uhakiki wa wastaafu, mpeleke, usimwache apange foleni peke yake na bahasha ya makaratasi. Msomee barua. Akipigiwa simu na mtu anayedai atume fedha kwanza ili mafao yake yatoke, mwambie huyo ni tapeli, na umsaidie kutoa taarifa. Kama hana pensheni kwa sababu alikuwa mgambo, usimfanye ombaomba wa mtaa. Bati la paa na bima ya afya vikitolewa na wanawe kimya kimya vinatunza uso wake. Tusije tukawa wale wa fadhila za punda.

Nne, usimcheke. Huyo anayeshtuka fataki zikilia usiku wa mwaka mpya, huyo anayekunywa kupita kiasi kila Aprili, huyo anayesimama wima akisikia wimbo wa taifa redioni wakati wengine mnapiga soga. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na umkumbuke mkewe. Yeye alilima peke yake mwaka ule, akazaa peke yake, kisha akapokea mume aliyerudi nusu. Hana nishani, naye alilipa.

Tano, usidhani wapiganaji wote ni wazee. Tarehe 13 Julai 2013 askari wetu saba wa kulinda amani waliuawa Darfur. Desemba 2017 kambi ya walinda amani wetu huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa usiku, tukapoteza askari wasiopungua 14. Wenzao waliopona wako miongoni mwetu, wana miaka thelathini au arobaini, na wajane wa waliokufa bado wanasomesha watoto wadogo. Huenda mmoja yupo kwenye kikoba chako au anasali safu moja nawe. Yale tuliyochelewa kuwafanyia wa Kagera tunaweza kuwafanyia hawa kwa wakati.

Walio Kagera wafike Kaboya, wilayani Muleba, walikolazwa askari wa vita ile. Walio Mtwara wafike kwenye makaburi ya mashujaa ya Naliendele. Msiende na watoto kupiga picha tu. Mpeni kila mtoto jina moja la kusoma kwenye jiwe kwa sauti, alitamke lote, la kwanza na la baba.

Mjomba bado yu hai, namshukuru Mungu. Mwaka jana tarehe 25 Julai hakwenda uwanjani, miguu haimruhusu tena. Aliketi uani, kibati kikiwa juu ya stuli, na binti yangu mwenye miaka kumi akaniomba daftari. Alimwamkia, akakaa mkekani, akauliza swali tulilomfundisha. Akaandika. Alipomaliza akamsomea babu yake yale majina matatu. Mjomba, aliyeishia darasa la nne, akainamia karatasi kwa muda mrefu, kidole chake kikafuata herufi moja moja. Kisha akasimama kwenye jina la yule wa Lindi.

"Hapa umekosea herufi," akamwambia. "Futa, mjukuu wangu. Andika tena."