Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?

Je, mtu anaweza kuwaheshimu wafu kwa namna inayowadharau walio hai? Swali hili lilinijia Guatemala, nikiwa mwanafunzi wa uzamili mwenye begi mgongoni, kati ya magofu ya Iximche na vijiji vya Ziwa Atitlán.

Iximche ulikuwa mji mkuu wa Wakaqchikel, mojawapo ya jamii za Wamaya. Wahispania walifika mwaka 1524, na kabla mwaka haujaisha wenyeji walikuwa wameuhama. Leo mgeni hukata tiketi, hutembea kati ya mapiramidi na viwanja vya mpira, hushusha sauti. Hakuna anayebishania kiingilio.

Humo humo kuna mahali ambapo Wamaya bado huwasha moto na kuomba. Mwaka 2007, Rais George W. Bush alipokwisha kuzuru hapo, makuhani wa Kimaya walipatakasa kwa ibada. Waliotoweka hawafanyi hivyo. Hata hivyo neno "walitoweka" halituishi midomoni, kwa kuwa lina faida: aliyetoweka hana madai.

Kando ya ziwa, Wamaya wapo na wana madai. Huko Santiago Atitlán, tarehe 2 Desemba 1990, wanajeshi waliufyatulia risasi umati wa Watz'utujil wasio na silaha. Wakazi wakadai jeshi liondoke mjini mwao, nalo likaondoka. Mgeni anayeshuka kwenye boti hapo aghalabu hutafuta vitambaa. Mwanamke aliyefuma siku nyingi, mtande umefungwa kiunoni kwa mkanda, anataja bei. Yule yule aliyenyamaza Iximche sasa anataka apunguziwe nusu, kisha anampiga picha bila kumwomba.

Utanijibu kwamba kupatana bei ni desturi ya soko, na muuzaji mwenyewe huitarajia. Kweli. Kinachonisumbua ni mizani miwili. Jiwe tunalilipia bila swali kwa sababu halitutazami. Binadamu hututazama, na heshima yake ina gharama: kumsikiliza, kumuuliza kabla ya kumpiga picha, na kuondoka kwa amani akisema hapana.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo humpima mgeni kwa hali anayomwacha nayo mwenyeji. Kwa kipimo hicho, magofu hayawezi kututolea ushahidi. Anayeweza ni yule mfumaji, naye ni nadra kuulizwa.