Zaka ya Jasho la Nani?

Katika Uingereza ya karne ya 12, aliyetoa ardhi alibandua bonge la udongo lenye majani yake, akalikabidhi kwa mpokeaji mbele ya mashahidi. Mpokeaji akiwa nyumba ya watawa, alama ya zawadi iliweza kuwekwa juu ya altare. Hati ya Kilatini ilihifadhi kumbukumbu: fulani, kwa ajili ya wokovu wa roho yake na roho za wazazi wake, amewapa watawa shamba hili pamoja na fungu la kumi la kijiji kile.

Shamba, sawa. Lakini ngano ya kijiji hakuilima yeye, wala majani makavu hakuyafyeka yeye. Sheria yenyewe inafundisha kwamba mtu hawezi kutoa asichokuwa nacho. Basi kabaila huyu alitoa nini?

Jibu la ukabaila ni kwamba hakuna aliyemiliki ila mfalme. Kila mtu mwingine alishika kutoka kwa aliye juu yake. Baada ya mfalme William kuiteka Uingereza mwaka 1066, ardhi yote ilihesabiwa kuwa yake. Wakuu walishika kutoka kwake, na askari wapanda farasi wakashika kutoka kwa wakuu, kila mmoja akidaiwa utumishi. Katika mpango huo, kutoa ardhi ni kutoa haki ya kudai. Ndiyo maana hati nyingine zilimtaja mkulima asiye huru, yeye na uzao wake, kama sehemu ya kilichotolewa.

Hapo ndipo wazo la zawadi linapopasuka. Tumezoea kuiona zawadi ikiwa na watu wawili, mtoaji na mpokeaji. Hii ilikuwa na wa tatu, mlipaji. Wa kwanza alitazamia thawabu, wa pili alipata chakula, wa tatu akabaki na deni. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo wa nani ulitoa hapa, ikiwa ghala la mtoaji halikupungua hata pishi moja?

Haki itendeke kwa zaka yenyewe, lile fungu la kumi. Charlemagne, mfalme wa Wafranki, alipoifanya kuwa wajibu mwaka 779, ilikuwa na kazi inayoeleweka: kumlisha kasisi, kulitunza kanisa, kumsaidia maskini. Mkulima anayelipa, kisha akaona paa limeezekwa na yatima amekula, amepata kitu. Jasho lake limemrudia kwa njia nyingine.

Shida ilianza pale haki ya kupokea ilipotengana na kazi ya kuhudumu, ikawa mali ya kupeana. Monasteri ya mbali ikachukua zaka kubwa, yaani ya nafaka, ikamwachia kasisi wa kijijini zaka ndogondogo. Kisha mfalme Henry VIII wa Uingereza akafunga monasteri zote kati ya 1536 na 1540, na zaka nyingi zikaangukia mikononi mwa watu wasio wa kanisa. Sala zilinyamaza, lakini mkulima aliendelea kulipa. Mwaka 1836 zaka ikageuzwa malipo ya fedha, na masalia yake ya mwisho yalifutwa mwaka 1977. Sababu ilikufa karne nyingi kabla ya deni.

Mantiki hiyo ilivuka bahari. Kwa mkataba wa mwaka 1900, Waingereza waliwagawia kabaka, yaani mfalme, na machifu wa Buganda ardhi iliyopimwa kwa maili za mraba, na jina mailo likabaki mpaka leo. Wakulima walijikuta ni wapangaji katika mashamba yao, wakidaiwa busuulu, kodi ya kiwanja, na envujjo, sehemu ya mazao. Pamba ilipoleta fedha, madai yakapanda, hadi sheria ya mwaka 1928 ikayawekea kikomo.

Naamini kwamba haki juu ya jasho la mtu haipaswi kurithishwa kimya kimya. Kila kizazi kina wajibu wa kuiuliza: unalipwa kwa huduma gani, na aliyelipa anaiona? Ikikosa jibu, haina uhalali, hata iwe na mihuri mingapi. Lile bonge la udongo lilipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine, wote wakatazama. Mkono uliokuwa umelilainisha kwa jembe ulikuwa shambani, ukilima zawadi ya mtu mwingine.