Aliyekaa Dirishani

Somo: Matendo ya Mitume 20:7–12

Mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya Eutiko, yule kijana wa Troa aliyesinzia dirishani Paulo akizungumza, akaanguka, yana shabaha moja: usilale kanisani. Kwenye mikesha ndiyo usiseme. Ikifika saa nane usiku na vichwa vikaanza kuinama kwenye mabenchi ya nyuma, kiongozi wa maombi humtaja Eutiko, kisha kila mmoja anaambiwa amgeukie jirani yake amwambie, "Amka!" Vijana wanacheka, wanatoka kunawa uso bombani, wanarudi. Kijana wa Troa ameachiwa kazi hiyo moja tu, ya kutuamsha.

Mimi kazi yangu usharikani ni vijana, na kadiri ninavyozirudia aya hizi sita ndivyo ninavyoona kwamba Luka hakuziandika ili kumkaripia mtu aliyesinzia. Tafuta neno la lawama humo, hulipati. Paulo hakumlaumu. Waliokuwepo hawakumlaumu. Luka naye, ambaye kwa jinsi anavyosimulia alikuwa mle mle chumbani, anatueleza mazingira tu: mazungumzo yamefika usiku wa manane, watu wamekusanyika orofani, taa ni nyingi. Anayetaka kulaumu hahangaiki kutaja taa.

Tuanze na hizo taa. Zilikuwa vyombo vidogo vya udongo vyenye mafuta ya zeituni na utambi, na zilipotoa mwanga zilitoa pia joto na moshi. Weka taa nyingi za namna hiyo katika chumba kimoja, orofa ya tatu, watu wamejaa. Anayekwenda kukaa dirishani anatafuta hewa, au amechelewa akakuta nafasi zimekwisha. Halafu ilikuwa siku ya kwanza ya juma. Sisi tukisoma hivyo tunaiona Jumapili yetu, mashati yamepigwa pasi na viatu vinang'aa. Katika dola ya Kirumi siku hiyo ilikuwa ya kazi kama siku nyingine. Jumapili ya mapumziko ililetwa na amri ya Kaisari Konstantino mwaka 321, zaidi ya karne mbili na nusu baada ya usiku ule. Troa ulikuwa mji wa bandari, na katika makanisa ya kwanza walikuwamo watumwa na vibarua. Watu wa namna hiyo hukutana usiku kwa sababu mchana si wao.

Paulo naye alikuwa na sababu ya kusema sana. Aliwahi kufika Troa kabla, akaona mlango umefunguka wa kuhubiri, lakini hakumkuta Tito, moyo ukakataa kutulia, akaaga akavuka kwenda Makedonia. Anayasimulia hayo mwenyewe katika sura ya pili ya waraka wa pili kwa Wakorintho. Safari hii amekaa siku saba, kesho anaondoka, na njia yake inaelekea Yerusalemu ambako mbele kidogo atawaambia wazee wa Efeso kwamba hawatamwona tena uso wake. Mtu anayeaga hivyo hatazami saa.

Basi msemaji ana haki ya kusema, na msikilizaji ana haki ya kuchoka. Nadhani hapo ndipo vijana wengi wa makanisa yetu walipo, na hapo ndipo sisi tunapokosana nao bure.

Usharika wetu uko upande wa Mbagala, Dar es Salaam. Jumapili, ibada ya pili, ukitokea mlango wa upande wa kwaya utakuta pikipiki zimepangwa chini ya mwarobaini. Wenyewe, vijana wa bodaboda, wamekaa upandeupande kwenye viti vyake, reflekta mwilini, kofia ngumu imetundikwa kwenye kioo cha pembeni, wanasikiliza kwa spika iliyofungwa juu ya mlango. Kapu la sadaka haliwafikii, kwa hiyo humwita mtoto yeyote anayezungukazunguka nje wakamtuma ndani na sarafu zao. Abiria akipiga simu, mmoja anapiga kiki na kuondoka, hata kama Injili ndiyo inasomwa. Anarudi baada ya muda, anaegesha palepale, anamwinamia mwenzake: "Wamefika wapi?"

Kwangu mimi, mtu anayeuliza wamefika wapi yuko ibadani.

Mzee mmoja wa kanisa hakubaliani nami, na ni mzee ninayemheshimu, amesimamia ujenzi wa jengo letu tangu likiwa banda la mabati. Yeye husema, "Mwalimu, hao wako kijiweni. Kanisa ni huku ndani." Hoja yake siidharau. Dirisha ni mahali pa hatari, somo lenyewe linasema hivyo. Mwenye kukaa ukingoni, mguu huku na mguu kule, anaweza kuanguka, na nimewaona walioanguka: waliokwenda kubeti mara moja wakajikuta wanauza simu ya dada yao, waliopata kipaimara kwa nyimbo na keki tusiwaone tena. Ninachokataa ni kusema kwamba aliye dirishani hakuja. Eutiko alikuja. Alipanda ngazi zote zile na uchovu wake, na wako vijana wengi wa Troa waliokuwa wamelala kwao usiku ule bila hatari yoyote ya kuanguka.

Hata walio ndani kabisa wana madirisha yao. Yupo binti yetu anayefanya kazi saluni. Jumamosi hulala usiku wa manane umepita, kwa sababu akina mama wanataka nywele za Jumapili na hakuna anayetaka kusukwa Ijumaa zikaanza kufumka. Asubuhi anafika, anakaa benchi la tatu kutoka nyuma, na mahubiri yakianza anasinzia. Vichwa vilivyo mbele yake amevisuka yeye. Niliwahi kumsikia mama mmoja mwenye rasta mpya, nzuri sana, akinong'ona kwamba mabinti wa siku hizi hawana hofu ya Mungu, wanalala kanisani.

Kisha kijana akaanguka. Hapa Luka ana maneno machache, na kasi inabadilika. Paulo aliyekuwa hakatizwi na usiku wa manane anakatizwa na jambo hili. Anashuka. Ni orofa tatu, gizani, na yeye si kijana tena. Kumbukeni pia kwamba Luka mwenyewe ni tabibu, waraka kwa Wakolosai unamwita hivyo, na ndiye anayeandika kwamba kijana aliokotwa amekufa. Paulo anamwangukia na kumkumbatia, kama Eliya alivyojinyosha juu ya mtoto wa mjane kule Sarepta na Elisha juu ya mtoto wa yule mama Mshunemu. Anawatuliza wanaolia: uhai wake ungali ndani yake. Haulizi kwa nini alikaa dirishani.

Swali hilo nimelisikia likiulizwa katika wodi ya mifupa Muhimbili. Mmoja wa vijana wa mwarobaini alisinzia akiendesha, saa nane usiku, akaingia mtaroni. Tulimkuta mguu umevutwa kwa kamba na vyuma vya uzito vinaning'inia mwisho wa kitanda, mama yake amekaa pembeni na chupa ya uji. Waliotoka kanisani, karibu kila mmoja, akishasema pole na kuomba, alikuwa na swali: "Kwani ulikuwa unatafuta nini barabarani saa zile?" Kijana alikuwa akitazama dari tu. Jibu lake kila dereva wa bodaboda analijua: hesabu. Pikipiki ilikuwa ya mkataba. Kila siku unampelekea mwenye chombo hesabu yake mpaka mkataba uishe, pikipiki iwe yako, na siku uliyokosa haifutwi, unadaiwa. Siku ile mvua ilinyesha tangu asubuhi, abiria wakapanda daladala. Usiku alikuwa anatafuta iliyopungua.

Walioshuka ngazi kwanza walikuwa wenzake wa kijiweni. Walichanga kila jioni, wakampelekea mwenye pikipiki hesabu ya mtu aliyelala kitandani ili mkataba usivunjike, na chombo kilipotoka kwa fundi wakapokezana kukiendesha. Walimletea simu iliyochajiwa na kuondoka na iliyoisha chaji ikachajiwe. Mmoja wao alimkata kucha za miguu, jambo ambalo mtu aliyefungwa uzito hawezi kujifanyia na anaona haya kumwomba mama yake. Kamati yetu ya huruma, wakati hayo yanafanyika, ilikuwa bado inatafuta tarehe ya kikao ambayo wajumbe wote wangekuwepo. Nalitaja hili kwa sababu kukumbatia kwa Paulo tunakupenda tukikusoma, lakini kunadai mwili wa mtu, na kunadai usiku huohuo.

Mchungaji alipofika hakufungua Biblia mara moja. Alishika kikombe, kijana akanywa uji, wakazungumzia mechi. Zaburi ilikuja baadaye, na kijana ndiye aliyeiomba.

Sasa, kuna jambo la pili katika somo hili ambalo watumishi wenzangu wa vijana huwa wanalipita. Baada ya ajali Paulo alirudi juu. Aliumega mkate, akala, akaendelea kuzungumza mpaka alfajiri! Mimi hapo hucheka kila mara. Angekuwa mmoja wetu, kesho yake kungekuwa na semina ya namna ya kufupisha mafundisho. Tumejiaminisha kwamba vijana hawawezi Neno, basi tunawapa dakika kumi za Neno na saa mbili za muziki na michezo, halafu tunashangaa kwamba hawana kitu cha kushika siku ya taabu. Kijana huyohuyo unayesema hana uvumilivu anakesha akitazama ligi ya nchi ambayo hajawahi kuiona, kwa sababu mkeka wake wa kubeti umebakiza mechi moja. Anao uwezo wa kukesha. Anachotaka kujua ni kama kinachosemwa kinamhusu.

Lakini tuwe waangalifu na mpangilio wa Luka. Kati ya kuanguka na mazungumzo ya alfajiri kuna mkate. Walikula. Wachungaji hupenda kutufundisha kwamba huo ni mkate wa Meza ya Bwana, na sina ugomvi nao, ila Luka ametaja pia kwamba Paulo alikula, na mtu aliyesema tangu jioni alikuwa na njaa. Ijumaa vijana wetu huja saa moja usiku wakitoka vibandani, viwandani na barabarani, na tangu tulipoanza na chai na mihogo kabla ya kufungua Biblia, maswali yameongezeka na vichwa vinavyoinama vimepungua. Mihogo inatolewa na mama mmoja anayekaanga nje ya geti. Hakuwahi kuombwa.

Asubuhi Paulo akaondoka. Wenzake walipanda merikebu, yeye akachukua njia ya nchi kavu kwenda Aso, na Matendo haituambii kwamba alirudi Troa. Eutiko alibaki na nani? Na watu wa Troa, waliomleta akiwa hai wakafarijika faraja kubwa. Hao hawana majina katika Biblia. Hawakufanya muujiza wala hawakuhubiri mpaka kukakucha. Walimchukua kijana ambaye saa chache zilizopita walikuwa wanamlilia, na bila shaka juma lililofuata walikuwa pamoja naye tena katika chumba kilekile chenye taa, moshi na dirisha. Mhubiri mgeni anaweza kuja na kuondoka, lakini usharika ndio unaojua kijana amepanga wapi, anadaiwa hesabu ya siku ngapi, na kwa nini binti wa saluni Jumapili mbili haonekani benchi la tatu kutoka nyuma.

Hilo ndilo ninaloliomba siku hizi ninapowaombea vijana: Bwana, utupe watu wa kukaa karibu na madirisha. Nafasi za mbele zina watu wa kutosha.

Kila robo ya mwaka ninaandika taarifa ya vijana kwa baraza la wazee, na fomu ina safu ya waliohudhuria ibada. Wale wa chini ya mwarobaini ninawaandika humo pamoja na wengine. Mzee wangu ameshaniuliza mara kadhaa hesabu hiyo naitoa wapi, maana yeye akihesabu mabenchi haifiki. Nimemwomba Jumapili moja atoke aje akae nao ibada nzima, kuanzia wimbo wa kwanza hadi baraka, kisha aniambie kama niwafute. Amesema atakuja, mradi apatiwe mahali pa kukaa. Vijana wamekubali kumwachia kiti cha pikipiki iliyo kivulini, na wamemwahidi kwamba simu ikiita, mwenye hiyo pikipiki ataazima ya mwenzake.