Umbali na Haki ya Mgonjwa

Tuchukue watu wawili wenye maradhi ya figo ya namna moja. Mmoja akaa Upanga, Dar es Salaam, hatua chache na Muhimbili. Wa pili akaa Kilindoni, Mafia. Wa kwanza akipona na wa pili akifa, je, tuseme ni kadari tu, kisha tunyamaze?

Kadari hatuikani. Lakini yatupasa tupambanue baina ya aliloliumba Mola na walilolipanga waja. Bahari baina ya Mafia na bara ni ya Mungu; ama hospitali iwekwe wapi, nauli ilipwe na nani, dawa zifike wapi, hayo huamuliwa na watu, na watu wataulizwa.

Jambo hili haliko kwetu tu. Marekani, nchi yenye hospitali nyingi za kupandikiza viungo, watafiti waliwachunguza askari wastaafu wenye maradhi ya ini. Mwaka 2014 walitangaza kuwa kadiri mtu alivyokaa mbali na hospitali hizo, ndivyo ilivyokuwa shida kwake kuingizwa katika orodha ya wanaongoja, na ndivyo alivyokuwa karibu na mauti. Na mwaka 2009 tajiri Steve Jobs, mkazi wa California, alipandikizwa ini Memphis, ambako foleni ilikuwa fupi. Sheria haikumkataza, lakini maskini hana ndege ya kumfikisha huko kwa saa chache. Basi umbali haupimwi kwa maili peke yake, hupimwa na kwa mfuko.

Tanzania, wagonjwa wa figo walikuwa wakipelekwa India, hata Novemba 2017 Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza. Mwaka 2018 ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Hii ni neema kubwa.

Atasema mtu: basi kila kisiwa kipewe hospitali kama hizo. La. Kazi hii yataka mabingwa wengi, na mkono usiofanya kazi mara kwa mara husahau. Kumpasua mtu karibu na kwao, kwa mkono usiozoea, si kumtendea haki. Haki ni kuwa mzigo wa umbali usiachwe kichwani mwa mgonjwa peke yake.

Na mzigo wenyewe ni mzito. Jamaa atoaye figo naye husafiri, kwa hivyo wasafiri ni wawili, pengine watatu. Huacha shamba na mashua, wakahitaji pa kulala kwa majuma. Mgonjwa akisharudi, hula dawa umri wake wote ili mwili usiikatae figo ile. Dawa zikikosekana kijijini, sadaka ya nduguye hupotea bure.

Serikali ina wajibu wake, nasi tuna wetu. Wazee wetu waliweka wakfu visima na misikiti. Nasi twaweza kuweka wakfu nyumba karibu na hospitali kwa wagonjwa watokao visiwani. Na katika mafungu manane ya zaka limo la msafiri aliyeishiwa njiani; masheikh wetu na walitazame kwa ajili ya hawa.

Kumwambia mgonjwa asubiri ni wasia mwema. Lakini subira imewajibikia yeye aliyepatwa. Sisi wenye uwezo tumewajibikiwa na msaada.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.