ADABU YA MWENYE KUREJEA KWAO KWA NDEGE

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatiishia waja wake bara na bahari na anga. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Watu wa pwani ni watu wa safari tangu zama za majahazi. Wako waliotoka Tanga na Bagamoyo na Kilwa wakapanda bara hata Iringa na Mbeya, wakaweka maduka, wakaoa, wakazaa. Na leo mmoja wao akijaaliwa wasaa huenda Dubai, ama Maskati, ama Istanbul, kutembea na kupumzika. Safari hiyo ni ya mubaha, wala hapana wa kumlaumu, madamu mali yake ni ya halali na waliobaki nyumbani wameachiwa masurufu ya kuwatosha. (Ama yule arejeaye na masanduku ya manukato, na huku mkewe amekula kwa mkopo wa jirani, huyo ameleta zawadi kabla ya kulipa haki.)

Walakini mambo mengi humharibikia msafiri katika kurejea, si katika kwenda. Akienda huwa mwangalifu. Huuliza kibla, hukunjua msala wake. Akirejea amechoka, fedha imekwisha, moyo umekwisha kutangulia nyumbani, na ile saa ya katikati huiona kama kwamba haimo katika umri wake. Na hapo ndipo hupotea swala ya alfajiri.

Kwani adhuhuri hukusanywa na alasiri, na magharibi hukusanywa na isha, na zile za rakaa nne hupunguzwa zikawa mbili. Hiyo ni sadaka ya Mola kwa waja wake. Alfajiri haina mwenziwe wa kukusanywa naye, wala haipunguki. Ndege iondokayo Ghuba usiku wa manane hukutwa na alfajiri ingali juu ya bahari. Taa zimezimwa, madirisha yamefungwa, na msafiri amejifunika blanketi huku akijiambia kuwa ataswali akishuka Dar es Salaam. Na ajue kuwa jua humchomozea aliye juu kabla ya kumchomozea aliye chini. Katika kimo zirukacho ndege kubwa, tofauti hiyo hupita dakika kumi. Basi mwenye kungoja kwa saa ya Dar es Salaam, ama kwa saa ya mji aliotoka, huenda akafungua dirisha akaliona jua limekwisha kutoka, na swala imemfia mkononi. Wakati wake ni ule wa mahali alipo, nao hutazamwa dirishani.

Tena asingoje wahudumu wawashe taa na kugawa chakula, maana hapo mlango wa choo huwa na safu ya watu. Na aondoke mapema. Maji ya kikombe kimoja ama viwili yamtosha kuosha kila kiungo mara moja, na mara moja ndiyo faradhi. Kisha aombe kwa adabu nafasi nyuma ya ndege, asimame, arukuu na kusujudu. Kibla asikikisie kwa mazoea. Mwenye kutoka Ghuba kibla chake huwa kwanza upande wa kuume wa ndege, na kila ndege ikishuka kusini nacho hurudi nyuma, hata akikaribia Dar es Salaam Makka iko mgongoni pake, upande wa kaskazini. Basi hana budi kugeuka. Na ikiwa ndege yatikisika na watu wameamrishwa wajifunge mikanda, na wakati wataka kutoka, aswali kitini kwa kadiri awezavyo, sijida yake aiinamishe kuliko rukuu, kwa kuuheshimu wakati. Kisha akishuka airudie, kama walivyosema wanazuoni wa Kishafii.

Mbeya si ngeni kwa ndege za mbali. Tangu mwaka 1932 ndege za Imperial Airways zilikuwa zikitua hapo katika njia ya London na Cape Town, baada ya kupita Moshi na Dodoma. Safari yote ilichukua siku kumi na zaidi, na usiku abiria walilala chini, ardhini. Msafiri wa siku zile aliipata alfajiri miguu yake ikiwa juu ya udongo. Wa leo amepunguziwa siku, akazidishiwa mtihani.

Mtume, rehema na amani zimshukie, aliihesabu safari kuwa ni sehemu ya adhabu, akamwamrisha aliyekwisha haja yake afanye hima kurejea kwa watu wake. Pamoja na hima hiyo alikataza mtu kuwagongea wa nyumbani kwake usiku kwa ghafula. Wanazuoni wameeleza kuwa aliyetanguliza habari hamo katika katazo hilo. Basi mwenda Iringa ashikaye njia ya gari kutoka Dar es Salaam, akapanda Kitonga jua limekwisha kutua, hana udhuru, na simu iko mfukoni mwake.

Mwenda Mbeya naye, tangu Desemba 2012, hushuka Songwe, nje ya mji. Kiwanja cha kale kilikuwa mjini. Akiwa hapo bado ni msafiri, na ruhusa ya kupunguza ingali naye mpaka ayafikie majengo ya mji wake. Akiyafikia imekwisha, hata kama yumo garini na masanduku hayajateremshwa. Adhuhuri aiswali rakaa nne. Mtume alipokuwa akiukaribia Madina alikariri maneno ya kurejea na kutubu na kumhimidi Mola wake mpaka akaingia, kisha akaanzia msikitini kwa rakaa mbili, ndipo watu wakamjia kumwamkia.

Wallahu aalam.