Mji Aliopewa Mtegaji: Utata, Giza na Wajibu wa Mtunzi katika Final Crisis

Utangulizi

Swali ambalo makala haya yanakusudia kulishughulikia ni kongwe katika taaluma ya fasihi, nalo ni hili: je, mtunzi ana deni la kueleweka kwa msomaji wake? Wapo wanaoshikilia kwamba sanaa ni huru, na kwamba asiyeielewa kazi fulani ana hiari ya kuiweka chini. Wapo pia wanaoamini kwamba kila anayesimulia huingia katika mapatano yasiyoandikwa na anayesikiliza, na kwamba kuyavunja mapatano hayo ni kosa la kimaadili wala si udhaifu wa kifani tu. Aghalabu mjadala huu huendeshwa kwa kurejelea ushairi au riwaya ya majaribio. Sisi tumeamua kuupeleka katika utanzu ambao idara zetu huupuuza, yaani katuni za Marekani zinazosimulia habari za majagina wenye nguvu za kimiujiza. Tumeuteua utanzu huu kwa sababu wasomaji wake huinunua hadithi vipande vipande, mwezi baada ya mwezi. Kwao neno 'deni' halibaki kuwa sitiari tupu.

Matini tutakayoirejelea ni Final Crisis, iliyotolewa na kampuni ya DC Comics katika matoleo saba kati ya Mei 2008 na Januari 2009. Mwandishi wake ni Grant Morrison, mzaliwa wa Glasgow huko Uskoti, na miongoni mwa wachoraji wake ni J. G. Jones, Carlos Pacheco na Doug Mahnke. Hii ni hadithi ya makutano, yaani hadithi inayowaleta pamoja wahusika ambao kwa kawaida kila mmoja huwa na jarida lake. Tangu ilipokamilika, wapenzi wa katuni wamegawanyika kuihusu. Kundi moja huiona kuwa kilele cha utanzu wenyewe. Kundi la pili huiona kuwa giza tupu lisilo na njia ya kutokea, na huhisi kwamba limedhulumiwa.

Matini na Mgogoro Wake

Adui mkuu katika hadithi hii ni Darkseid, mungu wa udikteta aliyebuniwa na Jack Kirby mwaka 1970. Kirby alikuwa amepigana Ulaya kama askari wa miguu katika Vita vya Pili vya Dunia, na mhusika huyu anabeba sura ya tawala za kiimla za karne ya ishirini. Silaha anayoitafuta Darkseid ni Mlinganyo wa Kukana Uhai, aina ya hesabu ambayo kila inayemfikia hupoteza hiari yake na kuwa mtumwa. Katika Final Crisis silaha hii hatimaye inapatikana na kusambazwa kupitia mitambo ya mawasiliano. Uovu unashinda, na sehemu kubwa ya wanadamu inapiga magoti.

Hadithi inaanza kwa kifo cha Orion, mwana wa Darkseid, ambaye mwili wake unagunduliwa na mpelelezi Dan Turpin. Baadaye tunang'amua kwamba risasi iliyomuua Orion ilifyatuliwa kurudi nyuma katika wakati, na kwamba mwili wa Turpin huyohuyo ndio unaogeuzwa kuwa makao ya Darkseid. Katika toleo la sita Batman, ambaye wazazi wake waliuawa kwa bastola na ambaye ameapa kutoitumia silaha hiyo, anamfyatulia Darkseid risasi ileile. Katika toleo la saba Superman anaimaliza roho ya dikteta huyo kwa wimbo. Kisha, kwa kutumia mtambo unaotimiza matakwa, anaomba mwisho mwema.

Muhtasari huu unaipa matini ulaini isiokuwa nao. Morrison ameyaondoa matukio mengi ambayo kwa kawaida huunganisha tendo na matokeo yake. Fremu moja huwa hapa, inayofuata huwa katika ulimwengu mwingine, na toleo la mwisho linasimuliwa kwa vipande visivyofuatana kiwakati. Aristotle alidai katika Poetica kwamba msuko uwe na urefu unaoweza kushikwa na kumbukumbu. Wanaoilaumu kazi hii wanasema, kwa maneno yao wenyewe, jambo hilohilo: kwamba wamesoma hadi mwisho na hawawezi kusimulia walichokisoma. Wanaoitetea hujibu kwamba dunia inayoporomoka haiwezi kusimuliwa kwa sentensi zilizonyooka, na kwamba msomaji anayetaka kila kiungo kiandikwe hamtaki mtunzi, anamtaka karani.

Aina Mbili za Utata

Kwa maoni yetu pande zote mbili zinalitumia neno moja, utata, kwa mambo mawili yasiyolingana. Hatuna budi kuyatenganisha kabla ya kutoa hukumu yoyote.

Aina ya kwanza ni utata unaozaliwa na maudhui yenyewe. Mfano wake ni risasi tuliyoitaja. Katika toleo la kwanza ni fumbo. Katika matoleo mawili ya mwisho inageuka kuwa duara, kwa maana Darkseid anauawa kwa risasi aliyoifyatua yeye mwenyewe. Msomaji anayerudi mwanzo hukuta kwamba alikuwa amepewa kila alichohitaji. Ugumu wa namna hii humdai msomaji subira na kumbukumbu, lakini humlipa.

Aina ya pili huzaliwa na utaratibu wa uchapishaji na biashara. Katika toleo la saba anajitokeza Mandrakk, adui anayenyonya uhai wa malimwengu, na kushindwa kwake ndiko kunakofunga hadithi nzima. Hata hivyo, msomaji aliyenunua matoleo saba peke yake hakuandaliwa ipasavyo kumpokea. Maandalizi yalikuwa katika Superman Beyond, jarida jingine la matoleo mawili lililouzwa kando. Hali kadhalika, mfululizo wa kila wiki uliotangulia, Countdown to Final Crisis wa 2007 na 2008, ulinadiwa kuwa ndio njia ya kuingilia katika hadithi hii, ilhali mambo kadhaa yaliyomo, hasa kuhusu vifo vya miungu wa Kirby, hayapatani na yale tunayoyakuta katika Final Crisis. Tena, Jones aliyeanza kuchora hakuweza kuimaliza kazi, na toleo la saba likachorwa na Mahnke. Hakuna falsafa katika mambo haya. Huu ni utata wa duka na wa ratiba.

Mtetezi anayetumia fahari ya aina ya kwanza kuifunika aina ya pili anakosea. Mlalamishi anayetumia kero ya aina ya pili kuihukumu aina ya kwanza anakosea vilevile.

Maadili ya Kitendawili

Fasihi simulizi yetu ina kanuni inayoweza kutusaidia. Methali isemayo kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, hunukuliwa mara nyingi kumnyamazisha asiyeelewa. Lakini methali si kanuni pekee tuliyo nayo. Katika utegaji wa vitendawili, hadhira ikishindwa kufumbua, mtegaji huomba mji. Akishapewa mji, huwa hana hiari tena: ni lazima atoe jibu. Mtegaji anayepokea mji kisha akaondoka na jibu lake hawezi kudai kwamba kitendawili chake kina kina kirefu. Ameuvunja mchezo wenyewe. Zaidi ya hayo, jibu analolitoa sharti wasikilizaji walitambue kuwa lilikuwamo katika kitendawili tangu mwanzo. Jibu lisilotokana na swali huzomewa.

Tukiipima Final Crisis kwa kanuni hii, tunapata hukumu mbili. Kuhusu risasi, wimbo na ombi la Superman, mtegaji amepokea mji na ametoa jibu. Kuhusu Mandrakk, mtegaji ameomba mji wa pili katika duka jingine. Kampuni yenyewe ilipoitoa hadithi hii kama kitabu kimoja mwaka 2009, iliijumuisha Superman Beyond ndani yake. Tunadiriki kusema kwamba kitendo hicho ni ushahidi kuwa sehemu ile haikuwa pambo: ilikuwa kiungo cha mwili. Aliyenunua matoleo saba alikuwa ameuziwa mwili usiotimia.

Huenda ikadaiwa kwamba wasomaji wenyewe walilifumbua fumbo kwa kusaidiana, fremu kwa fremu, na kwamba maana hukamilishwa na jumuiya ya wasomaji. Hoja hii ina uzito. Kitendawili kilichofumbuliwa na jirani kimefumbuliwa. Lakini bidii ya jirani haimfutii mtegaji wajibu wake, kama vile ukarimu wa wanakijiji haumfutii mdeni deni lake.

Tofauti hii yatuhusu sisi pia. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi zilizua miongoni mwa wahakiki wa Kiswahili ubishi unaokaribiana sana na huu: je, huu ni upevu wa kifalsafa au ni kumfungia msomaji mlango? Jibu linahitaji usomaji wa makini, na hapa si mahali pake. Inatosha kusema kwamba ugumu wa vitabu hivyo, uwe mkubwa kiasi gani, umo katika kurasa alizo nazo msomaji mkononi. Anaweza kuushtaki au kuutetea kwa ushahidi. Hawezi kuambiwa kwamba ushahidi umeuzwa kwingine.

Giza si Kina

Limebaki suala la giza. Wapo wanaoamini kwamba hadithi ya majagina hukomaa kadiri inavyozidisha vifo na unyama. Tunaweza kuilinganisha Final Crisis na Identity Crisis (2004) ya Brad Meltzer, iliyochorwa na Rags Morales. Hiyo ya pili inafuatika kwa urahisi mno. Ndani yake mke wa jagina mmoja, Sue Dibny, anauawa, na tunaelezwa kwamba aliwahi kubakwa. Majagina wanafichuliwa kuwa waliivuruga akili ya mhalifu, kisha wakazifuta kumbukumbu za mwenzao Batman aliyewafumania. Wasomaji wengi waliuliza, na wangali wanauliza, kama mateso ya mwanamke huyo yana uzito wake yenyewe au yametumiwa kuwapa wanaume wa hadithi sababu ya kuhuzunika. Swali hilo ni la kimaadili kabisa, na halina uhusiano wowote na kueleweka. Kazi inaweza kuwa angavu kama mchana na bado ikamdhulumu mhusika wake.

Katika Final Crisis giza lina kazi nyingine, na hapo ndipo tunapoiona hoja nzito zaidi ya kuitetea. Kauli inayoeleweka upesi kuliko zote katika hadithi hiyo ni ya Darkseid. Mlinganyo wake hauna fumbo wala nafasi ya tafsiri ya pili. Humfikia kila mtu kwa maana moja na kumwacha bila swali. Dikteta ndiye msimulizi asiye na utata. Anayempinga hana hesabu ya kujibu hesabu. Ana wimbo, na wimbo hauwezi kupunguzwa ukawa amri. Tukiisoma hivyo, ugumu wa kifani unakuwa na haki yake, kwa kuwa matini inamkatalia msomaji kile ambacho dikteta angempa bure.

Lakini hoja hii ikisukumwa mbele inageuka na kumkata aliyeishika. Ikiwa uovu wa Mlinganyo ni kumnyima mtu hiari ya kuhoji, basi mhakiki anayemwambia msomaji 'hukuelewa kwa sababu hukusoma vya kutosha', na kuishia hapo, anamnyima hiari hiyohiyo. Utata unaweza kulinda uhuru wa msomaji, na unaweza kuwa kiti cha enzi cha wachache. Kinachoutenga mmoja na mwingine ni kama mlango upo, na kama anayeutafuta kwa nia njema anaweza kuufikia.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mtunzi hana deni la wepesi, bali ana deni la uaminifu. Ana haki ya kutega fumbo gumu kadiri anavyotaka, maadamu jibu limo ndani ya kile alichomkabidhi aliyempa mji. Msomaji naye ana wajibu wake: asimtie mtu hatiani baada ya usomaji mmoja, na asilichanganye giza la maudhui na giza la usimulizi, kwa kuwa kila moja lina mashtaka yake. Kwa kipimo hiki Morrison anaachiliwa katika shtaka la ugumu, na yeye pamoja na wachapishaji wake wanapatikana na hatia katika shtaka la kuuza funguo mbali na kufuli. Mwenye uzito mkubwa wa hatia hiyo ni mchapishaji, aliyepanga kipi kiuzwe wapi.

Sisi tunaofundisha fasihi tuna sababu ya kulichukua swali hili kwa uzito. Mwanafunzi anapotuambia kwamba hakuielewa kazi fulani, mara nyingi tunalipokea tamko lake kama ungamo la udhaifu. Pengine ni udhaifu. Pengine ni shutuma yenye haki ambayo mwanafunzi hajapata istilahi za kuieleza. Mwalimu hawezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili mpaka aifungue kazi yenyewe mbele ya mwanafunzi na kumwonyesha jibu lilipo. Akilikosa, ni haki amwambie kwamba amelikosa pia.