Lupango ya Baba Katika Kamalondo

Watu wa ukoo mmoja walikuja kwetu kuomba shauri. Baba yao, aliyefariki zamani, aliwaachia lupango katika Kamalondo, mtaa ulio mkongwe kati ya mitaa ya Lubumbashi iliyotengwa kwa watu weusi wakati wa Wabelgiji. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, mabati yameliwa na kutu, na mvua ikinyesha usiku wanasogeza vitanda. Sasa mfanyabiashara mmoja anataka kuinunua, abomoe yote, ajenge ghorofa yenye maduka. Wadogo watatu wanakubali. Dada yao mkubwa, mjane anayekaa humo pamoja na wapangaji wawili, anakataa. Alituambia: «Mwalimu, baba alishuka treni hapa na sanduku moja la mbao. Wakibomoa, wajukuu wataonyeshwa nini?» Kila upande ulitaka tuseme nani ana haki.

Hatukujibu siku ile. Tuliona kwamba shauri hili linapita ukoo mmoja. Malupango mengi ya mitaa ya zamani yanauzwa hivyo, na anayeuza husema anaendelesha mji, na anayekataa husema anawaheshimu wazee. Je, ni lazima mambo haya mawili yapigane?

Tuangalie kwanza wazee hao walikuwa nani. Mji ulianza mwaka 1910, reli ilipofika toka kusini, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa. Mikono ya kazi ilikuwa haba. Kampuni, Union Minière, ilitafuta watu Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha Kasai na Lomami, kisha Rwanda na Burundi. Mwanzoni watu waliletwa kwa miezi michache, wakarudi kwao, na wengi hawakurudi, maana magonjwa yaliwamaliza. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikaona heri mfanyakazi akae miaka, alete mke, azae watoto. Nje ya kambi za kampuni wakakaa wengine: mafundi, makarani, maboyi, wenye vioski. Hao ndio waliojaza Kamalondo, na baadaye Kenya, Katuba na Ruashi. Kati ya mtaa wao na mji wa Wazungu kuliachwa ukanda mtupu, ili wasikaribiane.

Basi, hakuna mzee wa Kamalondo aliyekuwa mtunza kuta. Kila mmoja aliacha nyumba ya baba yake huko nyuma ili apate maisha yaliyo bora. Tukisema leo kwamba kuwaheshimu ni kuacha bati litoboke na mfereji ujae takataka, tunawasingizia. Wangetucheka. Kuna watu wanaopenda sana umaskini wa zamani, hasa kama wao wenyewe wanalala pakavu! Mfereji uzibuliwe, choo kijengwe, umeme urekebishwe. Hapo hatuna ubishi na wale wadogo watatu.

Lakini tuulize neno la pili. Wazee wale walituachia nini, kama si kuta? Tufikiri juu ya lugha hii tunayoandika. Wachache sana kati yao walinyonya Kiswahili kwa mama. Mmoja alikuja na Tshiluba, mwingine na Kibemba, mwingine na Kinyarwanda, na kila mmoja alipaswa kuacha nusu ya maneno yake mlangoni ili jirani amwelewe. Tufikiri juu ya msiba. Mtu akifa mbali na kwao, nani atamlilia, nani atachimba kaburi? Ukoo ulikuwa safari ya siku nyingi. Ndipo watu wa lupango moja, wenye bomba moja la maji na baraza moja, wakawa ukoo. Mama wa kabila hili alimnyonyesha mtoto wa kabila lile. Hakuna sheria ya serikali iliyowaamuru. Walijifunza kwa sababu ya shida, kisha wakaipenda desturi yao. Urithi ndio huo, nao waweza kubomolewa bila tofali moja kuanguka.

Na kweli umekwisha kubomolewa mara kadhaa, tusifiche. Mwaka 1957, katika uchaguzi wa kwanza wa komini, wengi walioshinda walikuwa watu waliotoka nje ya Katanga, na mwaka uliofuata chama cha CONAKAT kikaundwa, kikidai haki za wenyeji. Mwaka 1961 maelfu ya Waluba wa Kasai wa mji huu walikimbilia kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa. Tena mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa katika jimbo, wakalala kwenye vituo vya treni na watoto wao, wengi wakafa njiani. Aliyefukuzwa alikuwa mara nyingi mtu aliyezaliwa hapahapa. Wapo majirani waliowaficha majirani wao. Wapo pia waliochukua viti vyao. Anayetaka kusifu mtaa kwa wimbo na bendera tu, akiruka habari hizo, hasifu watu, anapaka chokaa.

Kwa hiyo tunawashukuru waliohifadhi kumbukumbu. Mwaka 1965 chama cha waliokuwa maboyi wa Wazungu kilitoa kitabu cha Kiswahili, kilichoandikwa na André Yav, juu ya maisha ya mji toka mwanzo wake. Mwaka 2000 walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walianza kazi iitwayo Mémoires de Lubumbashi, wakakusanya masimulizi na vyombo vya nyumbani. Vyombo vya nyumbani! Sanduku la mbao la mzee yule lingefaa kabisa. Lakini makumbusho hayapangishi chumba. Mjane akitolewa leo, kesho atalala wapi?

Na iko hatua moja ngumu zaidi. Katika miaka hii treni toka Kasai zinashusha tena vijana wenye furushi moja. Tunasikia wakisemwa vibaya kisimani na sokoni, na wanaosema ni wajukuu wa watu walioshuka treni ileile. Tunaona aibu. Bikira Maria na Yosefu nao walikuwa wageni Misri, na hatusomi kwamba walidaiwa kabila. Mtaa unaojenga sanamu ya babu mgeni na kumfungia mlango mgeni wa leo umemheshimu nani?

Tulirudi kwa ukoo ule baada ya juma mbili. Tuliwaambia wadogo: mna haki ya kujenga, hamna haki ya kumtoa dada yenu bila ridhaa yake, wala kuwatoa wapangaji kabla hawajapata mahali. Tulimwambia mjane: nyumba si kaburi la baba yako, usiwazuie watoto wapate pakavu. Hakuna aliyefurahi, ikawa kelele mpaka jioni.

Mwishowe waligawa lupango. Nusu ya nyuma iliuzwa. Kwa fedha hiyo nusu ya mbele inapata bati jipya, na baraza inabaki upande wa barabara. Mpangaji mmoja amehama, mwingine amebaki. Tulipopita Jumamosi iliyopita, mafundi walikuwa wanachanganya simenti. Wawili kati yao ni vijana waliofika mwaka huu toka Mwene-Ditu, wanalala katika chumba ambacho hakijawekwa milango. Mama alikuwa anawapikia bukari, akiwagombeza kwa Tshiluba kwamba wanamwaga maji ovyo.